Kwa Saa, kwa Futi Mraba: Uhakiki wa Lugha ya Kugeuza Vizio vya Mtiririko wa Joto katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyobeba kipimo kimoja cha fizikia, yaani kiasi cha joto kinachopita katika eneo fulani kwa muda fulani, pindi kipimo hicho kinapohamishwa kutoka vizio vya kifalme (BTU, futi, saa) kwenda vizio vya metriki (wati, mita). Hoja kuu ni kwamba makosa yanayotishia ugeuzaji huu ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya hesabu. Yanatokana na kihusishi "kwa", na nafasi ya neno "mraba", na mazoea ya kuacha sehemu ya jina la kizio bila kutamkwa. Mifano imetolewa katika lugha ya biashara na mapishi ya Wandegeya, Kampala, na katika istilahi zinazohitajiwa na mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga.

Kizio kilichokatwa mkia

Masanduku ya viyoyozi yanayouzwa Kampala, kama yale ya Nairobi na Dar es Salaam, huandikwa BTU 9,000, 12,000, 18,000 au 24,000. Muuzaji husema "hii ni ya elfu kumi na mbili", mnunuzi huitikia, na biashara huendelea. Kwa mtafiti wa lugha, kauli hiyo ina kasoro inayostahili kutazamwa kwa makini. BTU moja ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Ni kiasi, kama lita ilivyo kiasi. Mtu akisema bomba lake la maji linatoa lita mia mbili bila kutaja kama ni kwa saa, kwa siku au kwa mwezi, msikilizaji hawezi kujua kama amsifu au amhurumie. Kiyoyozi cha BTU 12,000 ni kiyoyozi kinachoondoa BTU 12,000 katika kila saa moja. Maneno "katika kila saa moja" yamekatwa, na yamekatwa tangu katika Kiingereza cha biashara kabla bidhaa haijapanda meli. Sisi tumepokea kizio kisicho na mkia tukakitia katika Kiswahili vilevile.

Wakati mwingine mashine hiyohiyo huitwa kiyoyozi cha "tani moja". Tani hiyo haihusiani na uzito wa chombo. Ni kumbukumbu ya enzi za barafu: tani fupi ya Marekani, yaani ratili 2,000 za barafu, huhitaji BTU 144 kwa kila ratili ili kuyeyuka, jumla ni BTU 288,000, na zikigawanywa katika saa 24 hupatikana 12,000 kwa saa. Historia hiyo yote imelala ndani ya neno moja, na mfasiri anayeandika "tani moja" katika mwongozo wa Kiswahili bila maelezo anampa fundi wa Wandegeya kitendawili bila kumpa mji.

Mkia uliokatwa hauleti madhara makubwa katika biashara ya viyoyozi, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote hulinganisha namba na namba. Madhara huanza pale namba inapotakiwa kugeuzwa, na hasa pale inapoongezewa eneo. Wahandisi hutaka kujua ni joto kiasi gani linapita, kwa muda gani, katika ukubwa gani wa uso: uso wa bati la paa, wa kuta za chumba cha dawa, wa ngozi ya mtu aliyesimama karibu na moto. Katika vizio vya kifalme kipimo hicho huwa BTU kwa saa kwa futi mraba. Katika metriki huwa wati kwa mita mraba. Hesabu yenyewe ni fupi. BTU moja ni takriban jouli 1,055.06. Saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo BTU moja katika kila saa ni wati 0.29307. Futi mraba moja ni mita mraba 0.092903. Kwa kuwa eneo liko upande wa kugawanya, tunagawanya 0.29307 kwa 0.092903 tukapata 3.1546. Basi BTU 1 katika kila saa katika kila futi mraba ni sawa na wati 3.1546 katika kila mita mraba. Na wati 1 katika kila mita mraba ni sawa na BTU 0.317 katika kila saa katika kila futi mraba.

Nimeandika "katika kila" kwa makusudi, na sehemu inayofuata itaeleza sababu. Kwanza tuone gharama ya kukosea. Tuchukue BTU 500 kwa saa kwa futi mraba. Jibu sahihi ni wati 1,577 kwa mita mraba. Anayegeuza nishati na muda akasahau kugeuza eneo hupata 146.5, pungufu zaidi ya mara kumi. Anayezidisha eneo badala ya kugawanya hupata 13.6, pungufu zaidi ya mara mia moja. Majibu yote matatu yana sura ya heshima. Hakuna lililo hasi, wala hakuna lenye sifuri nyingi za kushtua. Msomaji asiye na hisia ya ukubwa wa kipimo chenyewe hatajua lipi la kutupa.

"Kwa" mbili zisizofanana

Kiswahili kina kihusishi kimoja, "kwa", kinachofanya kazi mbili zinazopingana katika hesabu. Tunasema "kilomita sitini kwa saa" tukimaanisha kugawanya. Tunasema "chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili" tukimaanisha kuzidisha. Darasani mwalimu husema "zidisha kwa nne" na "gawanya kwa nne", na "kwa" hukaa kimya katikati ya vitenzi viwili vilivyo maadui. Katika maisha ya kawaida muktadha huokoa. Hakuna anayedhani kwamba kilomita sitini zimezidishwa na saa, wala kwamba chumba ni uwiano. Muktadha huokoa kwa sababu wazungumzaji wanakijua kitu kinachozungumzwa.

Mtiririko wa joto ni kitu ambacho wazungumzaji wengi hawana mazoea nacho kama kipimo. Sentensi "BTU 500 kwa saa kwa futi mraba" ina "kwa" mbili mfululizo. Mfasiri makini anaweza kuzisoma kwa njia zaidi ya moja: gawanya kwa saa kisha gawanya kwa eneo, au gawanya kwa saa kisha zidisha kwa eneo, kama anayekokotoa joto lote linaloingia chumbani. Usomaji wa pili si wa kijinga. Ndio usomaji wa fundi anayejua kwamba chumba kikubwa huingiza joto zaidi na kwamba lazima eneo lizidishwe mahali fulani. Kosa lake ni kuliingiza eneo ndani ya kizio badala ya kuliacha nje lizidishwe baadaye. Lakini sarufi haikumkataza. Ilimfungulia mlango.

Kuna utata mwingine, mdogo zaidi ila wa kwetu pekee. "Kwa saa moja" inaweza kuwa muda wa dakika sitini, na "saa moja" ni pia wakati wa asubuhi ambapo Waswahili huanza kuhesabu mchana. Sijaona hati iliyokosea kwa sababu hiyo, nami sitaki kuukuza. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kila neno katika jina la kizio lina maisha yake nje ya fizikia.

Pendekezo langu hapa ni la kisarufi tu: katika hati za viwango na za sera, "kwa kila" au "katika kila" itumike palipo na kugawanya, na "kwa" tupu iachiwe vipimo vya pande za umbo. "Wati 1,577 kwa kila mita mraba" haiwezi kusomwa kama kuzidisha, kwa kuwa "kila" hukata kitu kimoja kimoja. Neno hilo lina silabi mbili tu. Wapo wahariri watakaolalamika kwamba linarefusha jedwali. Jedwali linaweza kutumia alama za kimataifa. Aya ya maelezo haina kisingizio hicho.

Mahali pa neno "mraba"

Kiingereza kina tofauti ya zamani kati ya eneo la futi mraba kumi na umbo mraba lenye futi kumi kila upande. La kwanza ni futi mraba 10, la pili ni 100. Kiswahili kinaweza kuitunza tofauti hiyo, lakini matumizi yetu hayajatulia. Watu huandika "futi mraba kumi", "futi za mraba kumi", "futi kumi za mraba" na "futi kumi mraba", na katika hizo nne, ya mwisho inaweza kabisa kueleweka kuwa ni umbo. Kwa anayeuza kiwanja, kosa hilo litagunduliwa siku ya kupima. Kwa anayegeuza vizio vya joto, litajificha ndani ya namba.

Lililo zito zaidi ni kuangushwa kwa neno lenyewe. Tuchukue Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, linaloanzia Kabaale wilayani Hoima na kuishia rasi ya Chongoleani, Tanga. Urefu wake hutajwa kwa kilomita, 1,443. Kipenyo chake hutajwa kwa inchi, 24. Nani asiyeona kwamba mradi mmoja unazungumza lugha mbili za vipimo ndani ya sentensi moja? Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba hilo limebuniwa kupashwa joto na kufunikwa ili mafuta yabaki kwenye nyuzi takriban 50 za Selsiasi. Katika bomba la namna hiyo wahandisi hutumia vipimo viwili vyote halali: wati kwa kila mita ya urefu wa bomba, na wati kwa kila mita mraba ya uso wa bomba. Bomba tupu la inchi 24 lina mzingo wa karibu mita 1.9. Maana yake, wati 1 kwa kila mita ya urefu ni sawa na karibu nusu wati kwa kila mita mraba ya uso. Mfasiri akiliangusha neno "mraba" hatapata sentensi isiyo na maana ambayo mhariri ataishtukia. Atapata sentensi yenye maana kamili, ya kipimo kingine.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba lugha ya vipimo ni kazi ya wanafizikia, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wangoje waletewe. Mwanafizikia anajua kipimo. Hajui ni neno lipi katika Kiswahili linaloelekea kudondoka.

Moto wa Wandegeya

Kipimo chenyewe tukiiteje? Majina yanayopendekezwa huwa ya aina mbili. Lipo la kukopa, "densiti ya fluksi ya joto", ambalo ni sahihi na ni bubu: halimwambii chochote asiyejua tayari. Lipo la kutafsiri neno kwa neno, "msongamano wa mtiririko wa joto". Hili ni baya zaidi, kwa sababu linasema, na linachosema kinapotosha. Msongamano ni hali ya vitu vingi kubanana mahali pamoja, kama magari kwenye makutano ya Wandegeya saa kumi na moja jioni. Gari lililo katika msongamano haliendi. Joto tunalolipima linakwenda. Tunachouliza ni kiasi gani kinavuka uso fulani. Kulipa jina la kukwama jambo linalopita ni kuanza somo kwa hasara.

Neno "mtiririko" lenyewe lina ukoo wa kuheshimika. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu nadharia ya joto, ndiye aliyeuweka wazi mtiririko wa joto kuwa kiasi kinachopita katika uso wa kizio kimoja kwa muda wa kizio kimoja, na ndiye pia aliyesisitiza kwamba kila kiasi katika mlinganyo kina vipimo vyake vinavyopaswa kulingana pande zote mbili. Sitiari ya kimiminika ilitoka zama ambazo joto lilidhaniwa kuwa umajimaji. Nadharia hiyo ilikufa, sitiari ikabaki, na hakuna ubaya.

Lakini kabla ya kukimbilia vitabuni, tusikilize wapishi. Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere na jirani na Mulago, inajulikana kote Kampala kwa roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai ndani yake, inayopikwa kando ya barabara juu ya sigiri ya mkaa. Mpishi wa roleksi hushughulika na mambo mawili tofauti ya joto. La kwanza ni chuma: kimepata moto au hakijapata. La pili ni mkaa ulio chini: moto ni mwingi au ni mdogo. Chuma kikiwa tayari kimepata moto na mkaa ukawa mwingi mno, chapati huungua nje na kubaki mbichi ndani. Chuma kikiwa na moto na mkaa ukawa umekwisha, chapati ya kwanza huiva na ya tatu hulala. Jambo la kwanza ni halijoto, au jotoridi kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania. Jambo la pili ni kiasi cha joto kinachopita kwa wakati katika sakafu ya chuma. Mpishi anatofautisha dhana hizo mbili kila siku, na lugha yake inatofautisha, ingawa neno ni moja, "moto": "kupata moto" si sawa na "moto mwingi".

Waganda wanaopika hapo wana jozi nyingine inayonivutia zaidi. Luganda hutofautisha *enjuba*, jua kama gimba lililo angani, na *omusana*, lile jua linalotuangukia sisi mchana. Kiswahili hutumia "jua" kwa yote mawili. *Omusana* ni karibu kabisa na kile ambacho wanasayansi wa hali ya hewa hukipima kwa wati kwa kila mita mraba: si jua, wala si joto la hewa, bali kinachofika juu ya uso. Utaratibu wa kuunda istilahi za Kiswahili umekubali tangu zamani kukopa kutoka lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda mbali. "Bunge" na "ikulu" ziliingia kwa mlango huo. Sisemi tulikope *omusana* kesho asubuhi. Nasema kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inahudumia jumuiya yenye lugha nyingi za Kibantu, na bado mkono wetu huenda kwenye Kiingereza kabla ya kwenda kwa jirani.

Kwa upande wangu ninaona Kiswahili tayari kina neno la kuanzia, nalo ni "ukali". Tunasema "jua kali", "moto mkali". Jua kali si lazima liwe siku ya halijoto kubwa. Kampala, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,190, jua linaweza kuwa kali na upepo ukawa baridi kivulini. Msemaji wa Kiswahili anapotofautisha "jua kali" na "joto kali" anatenganisha bila shida kile ambacho istilahi zetu zinakichanganya. Napendekeza "ukali wa mtiririko wa joto", likiambatana na fasili yake kila linapotumika mara ya kwanza: kiasi cha joto kinachopita katika kila kizio cha eneo kwa kila kizio cha muda. Itasemwa kwamba "ukali" ni hisia na si kipimo. Ni kweli, na "nguvu", "kazi" na "mwendo" zilikuwa hivyo kabla fizikia haijaziwekea fasili.

Namba zenye lafudhi

Nimebakiza jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, na ambalo washauri wa sera ndio hasa wanaoweza kulirekebisha.

Viwango vya usalama vya sekta ya mafuta na gesi hutaja vikomo vya mnururisho wa joto karibu na mienge inayochoma gesi. Kiwango kinachorejelewa sana, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kina ngazi kadhaa. Katika metriki hizo husomeka kilowati 1.58, 4.73, 6.31 na 9.46 kwa kila mita mraba. Ya kwanza ni ya mahali ambapo mfanyakazi aliyevaa mavazi yanayofaa anaweza kukaa muda wote. Ya pili ni ya kazi za dharura za dakika mbili hadi tatu. Ya tatu ni ya nusu dakika. Msomaji anayeziona namba hizi kwa mara ya kwanza atadhani zimepatikana maabara, zimepimwa hadi sehemu ya mia. Mbona 1.58 na si 1.6? Mbona 4.73?

Zigawanye kwa 3.1546 uone. Ni BTU 500, 1,500, 2,000 na 3,000 kwa saa kwa futi mraba. Namba za duara. Namba za wahandisi waliokaa mezani wakakubaliana pa kuweka mpaka. Kilichokuwa uamuzi wa busara, chenye upana wa kukadiria, kimegeuzwa kikawa usahihi ambao haukuwahi kuwapo. Ni kama mtu aliyesema "njoo baada ya kama nusu saa" akafasiriwa kuwa ametaka uje baada ya sekunde 1,800. Tafsiri haikukosea hata kidogo. Imepotosha tu alivyosema. Namba hizi zina lafudhi, na anayezijua lafudhi za vipimo huzitambua zilikozaliwa mara moja.

Kuna matokeo ya vitendo. Mkaguzi anayepima kilowati 1.60 mahali penye kikomo cha 1.58 anaweza kuandika kwamba kiwango kimevunjwa. Mwenzake anayejua kwamba chanzo ni 500 ya kukadiria angeuliza kwanza jinsi kipimo kilivyochukuliwa. Na kinyume chake, mwenye mtambo anaweza kuonyesha 1.57 kwa fahari, kana kwamba tofauti ya 0.01 ni ukuta wa kumlinda mtu. Zaidi ya hapo, kuna swali la jua. Siku isiyo na mawingu, jua la utosini huleta takriban kilowati 1 kwa kila mita mraba, sawa na BTU 317 kwa saa kwa futi mraba. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya ngazi ya kwanza. Ikiwa kikomo cha 1.58 kinahesabu joto la mwenge peke yake, mtu aliyesimama chini ya jua la ikweta anabeba yote mawili kwa pamoja. Ikiwa kinahesabu na jua, nafasi inayobaki kwa mwenge ni ndogo. Kiwango kinajadili mchango wa jua; tafsiri inayochukua jedwali na kuacha maelezo yake inauacha mjadala huo ng'ambo.

Tabia hiyohiyo inaonekana kwa udogo katika kanuni ya biashara ya viyoyozi inayosema kila futi mraba ya chumba ihesabiwe BTU 20 kwa saa. Ikigeuzwa ni wati 63 kwa kila mita mraba, na mtu anaweza kuiandika katika mwongozo wa Kiswahili kwa ujasiri. Lakini 20 hiyo ilizaliwa katika nyumba za Marekani zenye dari na kuta zilizojazwa vizuia joto. Haikuwahi kukutana na bati tupu la Afrika Mashariki. Ugeuzaji umehamisha namba na kuacha nyumba.

Mwinuko kutoka "M" hadi "MM" niupitie haraka. Katika biashara ya gesi, "M" mbele ya BTU ni elfu ya Kirumi na "MM" ni milioni, ilhali katika metriki herufi hiyohiyo ni milioni. Tanzania, ambayo magazeti yake huripoti akiba ya gesi asilia kwa futi za ujazo trilioni 57.54, inauza gesi hiyo kwa vizio hivi. Mwandishi wa habari akiandika "milioni za BTU" kwa maneno, tatizo linakwisha.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni mgeni wa kazi hii. Lugha iliyokuwa na kibaba na pishi, shibiri na dhiraa na pima, frasila na ratili na wakia, ilijua kugeuza vizio bandarini kabla mfumo wa metriki haujafika pwani. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na aliyeuza alitaja kibaba cha wapi. Huo utaratibu wa kutaja "cha wapi" ndio tulioupoteza. Hata BTU ina za wapi: ile ya jedwali la kimataifa inatoa 3.1546 na ile ya kemia ya joto inatoa 3.1525. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ya chapati mbili za mpishi mmoja, lakini hati ya kisheria inapaswa kusema imetumia ipi.

Mambo haya yana haraka sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya Jumuiya. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini. Maana yake ni kwamba viwango, mikataba na tathmini za mazingira vitaendelea kuandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili inaweza siku moja kuwekwa mbele ya hakimu. Nakala hiyo haiwezi kutegemea msomaji arudi kwenye Kiingereza kuuliza "kwa" ilimaanisha nini.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kifungu cha kikomo cha joto katika hati yoyote ya Jumuiya kisiandikwe "1.58 kW kwa mita mraba", bali kiandikwe hivi: "Ukali wa mtiririko wa joto usizidi takriban kilowati 1.6 kwa kila mita mraba. Kikomo hiki kimetokana na makadirio ya BTU 500 kwa kila saa kwa kila futi mraba, ya jedwali la kimataifa. Joto la jua limehesabiwa ndani yake / halikuhesabiwa." Mwandishi wa hati atakata mojawapo ya hayo mawili ya mwisho kabla ya kutia sahihi.